Ng'ombe Aliyefika Akiwa Nyama

Bi Mwanaidi alifariki Jumanne alasiri. Nilipata habari kesho yake asubuhi nikiwa jikoni kwangu Mikumi, simu nimeibana kati ya sikio na bega kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye unga wa chapati. "Mama Salome, bibi ametutoka," mjukuu wake aliniambia, na mimi nikaendelea kukanda ule unga hadi ukawa mgumu kama mpira, maana sikujua niufanyie nini mwili wangu. Kisha nikanawa, nikajifunga kanga mbili, nikapanda basi la Kilosa. Tukapita Zombo, tukapita Masanze, na nilipofika walikuwa wameshamzika, kwa kuwa wenzetu Waislamu hawamkawizi marehemu. Nilikaa mkekani na wanawake wa matanga, nikapewa chai ya tangawizi. Mama mmoja mnene aliyekaa jirani yangu akanitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe si ndiye Deta uliyetaka kumstaafisha Mzee Salehe?" Wawili watatu waliosikia wakaziba midomo kwa kanga, mabega yakawacheza. Nimeshakuwa bibi wa watu, nina wajukuu wanne, na bado niliona haya kama siku ileile.

Nimerudi nyumbani na jambo hilo bado linanikaa kifuani, basi bora niliandike. Hapa Mikumi siku hizi Krismasi inaanza Novemba. Mwenye duka la simu pale barabarani amesimamisha mzee wa plastiki mwenye ndevu nyeupe, ukimpita anatikisa kiuno na kuimba, na madereva wa malori wanasimama kupiga naye picha. Bodaboda wanavaa kofia nyekundu juani, jasho linawatiririka. Sina neno nao, kila watu na wakati wao. Kinachoniudhi ni wanapokuja kula kwenye mgahawa wangu na kuniuliza, "Mama, zamani nyie mlikuwa mnasherehekeaje?" huku nyuso zao zimeshajiandaa kusikitika, wakidhani nitasema hatukuwa na kitu. Kitu tulikuwa nacho. Mwaka ninaouzungumzia ndiyo kwanza vitu vilikuwa vinarudi madukani, na hivyo hivyo vilivyorudi vilitupumbaza kidogo, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliteremka kutoka milima ya Vidunda mwezi wa kwanza, na kigunia cha maharage kichwani, kwenda Kilosa kukaa na Shangazi Leokadia nijifunze cherehani. Ya nyumbani nayaacha hukohuko nyumbani. Shangazi alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu kanisani. Nyumba yake ilikuwa na sebule moja ambayo haikuwahi kuwa sebule tu. Asubuhi ilikuwa karakana ya cherehani, mchana chumba cha kulia, jioni ya Alhamisi chumba cha kusali rozari, na kila kiti kilikuwa kimevishwa kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi mweupe. Kukalia kitambaa kile ukiwa na vumbi ilikuwa kosa la kuitiwa kikao. Mwaka ule kiliingia kitu kipya humo ndani, redio ya kaseti, ikafunikwa nayo kitambaa, na kila tulipotaka kuisikiliza ilibidi tuivue kwanza kwa adabu zote.

Ulikuwa wakati wa ruksa. Watu walisema neno hilo kwa kila jambo, hata mtoto akiomba kwenda chooni alijibiwa "ruksa". Mitumba ilikuwa imefika sokoni, ile iliyokuwa ikiitwa kafa Ulaya kwa kuwa tuliamini wenyewe wamekufa, na wasichana tuliinusa kabla ya kuivaa. Mchele ulikuwepo, mafuta ya kupikia yalikuwepo, sabuni ilikuwepo ya rangi tatu. Mimi niliyetoka mlimani nilidhani mjini ndivyo kulivyokuwa siku zote. Shangazi alinikosoa. "Usiishangae sabuni," alisema, "miaka hii miwili mitatu tu iliyopita tulikuwa tunaipangia foleni toka jogoo la kwanza, na ukifika mbele unaambiwa imekwisha, chukua kiberiti." Nilimsikia, ila ukiwa kijana unadhani dunia imeanza siku uliyofika wewe.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mzee Salehe na Bi Mwanaidi. Mzee alikuwa amefanya kazi ya reli miaka mingi, nyapara wa gengi la kukarabati njia, na mpaka uzeeni aliamka alfajiri, akasali, kisha akavaa viatu vyake vya kazini na kukaa navyo barazani bila pa kwenda. Treni ikipita alitazama magurudumu, hakutazama watu. Bi Mwanaidi alikuwa mfupi, mcheshi, fundi wa pilau asiye na mfano katika wilaya nzima, na nasema hivi mimi ambaye pilau ndiyo iliyonisomeshea watoto. Alinifundisha yeye. Alisimama nyuma yangu jikoni kwa Shangazi na kunipiga kidole begani kila nilipotaka kufunua chungu mapema. Kwenye Idi sahani zilitoka kwake kuja kwetu, kwenye Krismasi zilitoka kwetu kwenda kwake, na kati ya ukuta na ukuta palikuwa na njia nyembamba isiyoota majani.

Desemba ilipoingia, mikrismasi pale stesheni ikawaka maua mekundu, na wazee wakaanza kukutana kwenye baraza ya Shangazi baada ya sala ya alasiri kuchambua mchele wa sikukuu. Mimi nilikuwa dirishani na cherehani, nashona sare za kwaya, na maneno yao yaliniingia pamoja na kelele ya pedali. Shangazi alipenda kusimulia Krismasi za enzi za wamisionari. Watu waliteremka milimani kwa miguu siku mbili, wakalala kwenye madarasa ya shule ya misheni juu ya majani makavu, na baada ya misa kila kaya ilipewa chumvi na kipande cha kitambaa cha merikani. "Tuliimba Kilatini kwa nguvu zote," alisema, "maneno hatuyajui hata moja, lakini Mungu alijua tumetoka mbali." Mzee Salehe akamkatiza. "Leokadia, wewe wakati huo ulikuwa hujazaliwa." Shangazi akasema alikuwa amezaliwa, alikuwa mgongoni. "Mgongoni mtu haoni Krismasi," Mzee akamjibu, "anaona kisogo." Bi Mwanaidi alicheka hadi mchele ukamwagika kwenye ungo.

Wakapita hivyo mwaka kwa mwaka, wakibishana. Ngoma ilivyokatazwa kanisani, ikapigwa nje ya uzio, kisha ukaja mwaka padri mpya akaruhusu iingie ndani, na bibi kizee mmoja akatoka nje kwa hasira akisema mtoto mchanga amelala na ninyi mnamletea ngoma. Mzee akasimulia Krismasi za mashamba ya mkonge, alikofanya kibarua kabla ya reli, tajiri akigawa nyama kwa vibarua wote na yeye na wenzake wakirudi kambini na sahani tupu. Shangazi akaleta zile za miaka ya shida, unga wa yanga ulioleta rangi ya njano mpaka kwenye ndoto, chai iliyotiwa maji ya miwa kwa kukosa sukari, na mwaka ule mishumaa ilipokosekana wakaweka koroboi kwenye pango la Noeli, sanamu ya Yosefu ikaungua ndevu. Wakafika kwenye ubishi wao wa kila mwaka, kwamba Bwana alizaliwa zizini au chini ya mtende. Mzee alishikilia mtende, ndivyo alivyosoma katika Kurani. Shangazi hakukubali, lakini kila alipotengeneza pango kanisani alichomeka kuti pembeni ya zizi, na katekista alipouliza linafanya nini hapo alijibiwa kwamba linakinga jua.

Nilisikia hayo yote na sikuyasikia. Zile sahani tupu za kwenye mkonge zilinipita kabisa, nilikuwa nahesabu vifungo. Nilikuwa natazama kitu kingine. Mzee Salehe alipoinua kikombe, mkono wake ulitetemeka, chai ikamwagikia kanzu, na Bi Mwanaidi akaipangusa bila kukatisha mazungumzo. Ilitokea jana yake, ikatokea na juzi yake. Nilijua kwamba ndiye aliyekuwa akichinja mnyama wa Krismasi kila mwaka pale uani kwetu, miaka ishirini na zaidi, tangu marehemu mume wa Shangazi alipomfuata na mbuzi kwenye kamba. Nilidhani ni kwa sababu ana kisu kizuri. Kwetu mlimani tulikuwa Wakristo watupu na kila mtu alichinja kuku wake. Nilijua Mwislamu hali nguruwe, na hapo ndipo elimu yangu ilipoishia.

Sasa mwaka huo palikuwa na ng'ombe. Huko Masanze alikuwa amehamia mfugaji kutoka kanda ya ziwa, Masunga, na mkewe na watoto na kundi la ng'ombe, Wakristo wenzetu waliokaa kanisani kwenye mabenchi ya nyuma kwa sababu hakuna aliyewapisha mbele. Ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mahindi ya watu wakati wa masika. Kesi iliishia kwa mtendaji wa kijiji, Masunga akalipa, lakini maneno hayakuisha. Jumapili moja alisimama mwisho wa misa, kofia ameikunja mkononi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno mojamoja kwamba angependa kutoa dume moja watu wale pamoja siku ya Noeli. Waliokaa mbele wakageuka kumtazama. Ni Shangazi aliyesema "Tumepokea, baba," kwa sauti yake ile, na ikawa tumepokea.

Siku nne kabla ya sikukuu Shangazi alinipa baiskeli niende Masanze. "Mwambie Masunga tunamshukuru," alisema, "na mwambie ng'ombe aje hapa kwa miguu yake, Mzee Salehe atamchinja." Nikaenda. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ukanishika magurudumu, nikafika nimechafuka mpaka masikioni. Nilimkuta Masunga zizini, pande la mtu, miguu peku, akimkuna dume jeusi chini ya shingo. Nikapiga goti. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Umetoka na matope yote ya Kilosa?" Mkewe akaniletea maziwa mgando kwenye kibuyu na viazi vya kuchemsha, nikala kama mtu aliyefukuzwa na njaa. Ndipo nikatoa ujumbe, na Masunga akauliza swali la kawaida kabisa: "Huko kwenu yupo wa kuchinja dume kubwa hivi?"

Nimeishi na jibu langu muda mrefu, naweza kulisema neno kwa neno. Nilisema, "Yupo mzee mmoja, baba, lakini mikono inamtetemeka. Nadhani mngemchinja hukuhuku, yeye apumzike." Sikuwa mvivu, sikuwa mkaidi. Nilikuwa na huruma, na nilijiona mtu mzima kwa kuwa nayo. Masunga alifurahi. "Wabeja," akasema, ndiyo asante ya kwao, "hamtashika hata kisu. Tutamleta amekatwa vizuri, kazi yenu iwe moto tu." Nikarudi Kilosa nakanyaga pedali huku naimba. Shangazi aliponiuliza kama nimefikisha ujumbe nikasema nimefikisha. Nilikusudia mzee apewe mapumziko kwa mshangao, kama zawadi.

Siku ya Krismasi asubuhi tulitoka misa na kurudi haraka kuwasha mafiga. Uani Mzee Salehe alikuwa ameshafika, peke yake, kabla yetu sote. Amevaa kanzu yake nyeupe iliyotiwa kiraka kwenye kiwiko na Bi Mwanaidi kwa uzi uleule mweupe wa Shangazi, kofia imenyooshwa, kisu kiko mapajani kimefungwa kitambaa safi. Ndoo ya maji alikuwa ameijaza. Kamba ameiloweka. Kishimo cha kupokea damu alikuwa amekichimba mwenyewe karibu na ukuta, na udongo wake ameurundika vizuri upande mmoja. Nilipita mbali na kile kishimo, bado sijui kwa nini. Nikajiambia nitamweleza akishapumzika kidogo.

Mkokoteni wa Masunga uliingia saa tatu, unavutwa na maksai wawili, mkewe na watoto wamekaa pembeni na nguo mpya, na katikati nyama imepangwa juu ya majani ya migomba na kufunikwa kwa mengine, paja na paja, mbavu na mbavu, ngozi imekunjwa chini. Sijaona nyama iliyokatwa kwa heshima namna ile. Masunga alikuwa amevaa koti, uso wote unacheka, akisubiri watu waseme kitu. Shangazi alifunua jani moja. Akalirudisha. Akanitazama mimi, kisha akatazama nyuma yangu, upande wa ukuta, alikokaa Mzee. "Deta," akasema polepole, "nani amemchinja huyu?"

Alinivuta nyuma ya jiko na akanieleza kwa maneno machache. Nusu ya mtaa wetu walikuwa Waislamu. Nusu ya waliokuwa wanakuja kula siku ile, na watoto wao walioanza kujikusanya langoni na vikombe vyao, wasingeweza kuigusa nyama hiyo. Ndiyo maana mume wake alimfuata Mzee Salehe na yule mbuzi miaka ile, baada ya sikukuu moja sahani kurudi nzima kama zilivyotoka. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amekuja kuchungulia masufuria, akatusikia. "Kwani nani atajua?" akasema. "Tuseme kachinja Mwislamu wa kulekule Masanze, watu wale, sikukuu ipite." Shangazi alimgeukia. "Ukilirudia hilo utakula nje ya uzio na mbwa." Kisha akanitazama tena na sasa hakuwa na hasira, jambo ambalo lilinitisha zaidi. "Ujumbe uliubeba wewe," akasema. "Huu mwingine pia ubebe."

Ua ule hauna hatua ishirini. Nilizitembea zote nikiomba nianguke. "Shikamoo, babu." "Marahaba, Deta. Sikukuu njema. Ng'ombe amekwama wapi?" Nikasema amefika. "Mbona simsikii?" Nikasema, "Amefika akiwa nyama, babu." Hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliuliza nani aliyesema achinjwe huko, nikamwambia ni mimi, akauliza kwa nini, na nikamwambia ukweli wote, mikono, kikombe, chai kwenye kanzu. Alikitazama kisu mapajani mwake.

"Kwa hiyo ulinionea huruma," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Mikono inatetemeka tangu mwaka juzi, mwanangu. Mwaka juzi nilichinja. Mwaka jana nilichinja. Ungeniuliza ningekwambia." Akakaza fundo la kitambaa cha kisu. "Mimi tangu nitoke relini, hakuna anayeniita. Nikiugua wanakuja kunitazama, hilo sikatai. Lakini kuitwa, mtu aseme Salehe njoo, bila wewe jambo halianzi, hiyo ni siku hii moja." Akainuka kwa kushika ukuta, akachukua ndoo yake ya maji, akaimwaga taratibu kwenye kile kishimo. "Mwambie Leokadia tutakula nyumbani. Hatukuchukia." Akapita kwenye ile njia nyembamba kati ya nyumba mbili, na Bi Mwanaidi, aliyekuwa jikoni kwetu na upawa mkononi, akaufuta upawa, akauweka juu ya kifuniko, akamfuata mumewe. Mtoto mmoja langoni aliona hivyo akageuka na kikombe chake.

Nililia, sioni haya kusema. Nililia mbele ya Masunga, aliyekuwa bado amesimama karibu na mkokoteni wake na ile furaha ikianza kumwisha usoni, kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu na watu wote walikuwa wanatazama chini. Yeye alidhani ni yale mahindi. "Kama hamtaki nyama yangu," akasema, "semeni, nirudi nayo." Mkewe alikuwa ameshaanza kuwapandisha watoto. Nikamwambia basi, yote, kwamba nilitumwa nimwambie ng'ombe aje kwa miguu yake na kwamba mimi ndiye niliyebadilisha, na yule mzee aliyeondoka ndiye yule wa mikono. Masunga alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anitukane. Aliuliza kitu kimoja tu: "Anakaa wapi?"

Akaenda kwenye mkokoteni, akafungua nira, akamtoa maksai mmoja, mkubwa, mweupe mwenye doa begani, akamwongoza kwa kamba kupitia ile njia hadi mbele ya baraza ya Mzee Salehe. Ua mzima ulimfuata. Mzee alikuwa anavua kanzu, akatoka na mkono mmoja ndani na mmoja nje. Masunga akainama, mtu mkubwa vile, akamwamkia shikamoo, akasema, "Mzee, mimi ni mgeni na huyu binti ni mtoto, wote hatukujua. Huyu yuko hai. Mchinje." Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza wiki ile, na kila mkulima aliyekuwepo pale alijua maana ya kutoa maksai wa kulimia wakati huo. Hata mwalimu wa kwaya alishika kichwa.

Mzee Salehe alimzunguka maksai, akamgusa nundu, akagusa sugu ya nira shingoni, akakaa hapo na kiganja chake juu ya ile sugu. "Huyu ni mfanyakazi," akasema. "Simchinji mfanyakazi mwenzangu akiwa bado ana nguvu. Mrudishe kazini." Masunga akabaki na kamba mkononi. "Basi nifanye nini, mzee wangu?" Mzee akatazama juu ya vichwa vyetu. "Leokadia! Yule beberu wako anayetafuna kanga za mke wangu kwenye kamba, bado yupo?" Shangazi, aliyekuwa anamnenepesha beberu yule amwuze mnadani na ambaye hakuwahi kukubali kwamba ametafuna kanga hata moja, alisema, "Yupo, na nilikuwa namtafutia sababu." Watu wakacheka kwa nguvu kupita utani wenyewe, kwa vile walikuwa wamebana pumzi muda mrefu.

Tulirudi uani. Masunga alimlaza beberu, akamshika miguu. Kichwa nilishika mimi, Mzee mwenyewe ndiye aliyeniambia nishike. Akavaa kanzu yake tena, akafungua kile kitambaa, na mkono wake ukaanza. Ulitetemeka vibaya kuliko nilivyouona kwenye kikombe, kisu kikawa kinameremeta huku na huku, na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote niliona na jasho kwenye midomo yake. Masunga aliinua macho kunitazama. Najua alichokuwa anauliza, kama amsaidie. Nikatikisa kichwa. Hakuna mtu uani pale aliyesogea wala kukohoa, Wakristo na Waislamu, na watoto wao na vikombe. Tulimsubiri. Ilichukua muda ambao hata leo siwezi kuupima, mpaka akashusha pumzi, akasema "Bismillahi, Allahu Akbar," na mkono ukapita mara moja, safi, ukamaliza.

Bi Mwanaidi alipika vyungu viwili mbalimbali, cha beberu na cha ng'ombe, na hakuniruhusu kufunua hata kimoja. Tulikula alasiri badala ya mchana, wote, sebule ya Shangazi imejaa hadi watu wamekalia vitambaa vyake kwa vumbi lao wala hakumwitia mtu kikao. Masunga aliketi katikati ya wanaume, si nyuma. Mzee Salehe alimwuliza habari za reli ya kwao na hawakuinuka mpaka treni ya jioni ilipopita. Sikusamehewa kwa maneno siku ile, ila alipomaliza kula aliniita nimwagie maji ya kunawa, akaninyooshea mikono yote miwili mbele ya watu, ikitetemeka, bila kuificha, nami nikamimina.

Mzee Salehe alifariki masika iliyofuata, kabla mahindi hayajachanua. Ilikuwa Krismasi yake ya mwisho, na mimi, kwa huruma yangu, nilibakiza kidogo tu kumnyang'anya.